Reli ya Ulezi

Hezekia mpishi hakuwa mtu wa kununua kabichi bila kuitukana kwanza. Kila siku ya gulio pale Soni aliipindua, akaigonga kwa kidole kama anayebisha hodi, kisha akatangaza kwamba ina kichwa cha Msambaa, kikubwa nje na ndani upepo. Yeye alikuwa Mbondei wa Muheza, mpishi wa Mzungu mmoja wa Lushoto aliyestaafu kazi ya reli. Watu walimwita Mzungu huyo Bwana Firimbi, kwa kuwa aliwaita mbwa, mtunza bustani na mpishi wake kwa firimbi ileile.

"Kama kabichi yangu ina upepo," Mwanamisi alimjibu, "hicho chako kina nini? Naona hata upepo wenyewe unapita kando."

Wanawake wa safu ya mboga walicheka. Hezekia naye alicheka, ila kwa nusu mdomo. Alijiketisha juu ya gunia la viazi bila kukaribishwa.

"Leo sina nguvu za matusi, mama. Bwana hali chakula. Anazunguka meza."

Akaeleza. Bwana Firimbi alikuwa na garimoshi dogo la kutia ufunguo, la urefu wa mkono, na reli zake. Milima, miti na vijumba vya kulipamba aliviagiza Ulaya, sanduku zima. Ndipo vita ikachachamaa baharini. Sanduku limezama au limekwama bandarini, Mungu ndiye ajuaye. Na Wazungu wote wa Lushoto walikuwa wamealikwa kuja kulitazama garimoshi hilo na kuwachangia askari waliojeruhiwa.

"Sasa treni linazunguka kwenye mbao tupu," Hezekia alisema, "kama panya aliyeangukia sinia. Bwana anatafuta mtu wa kumtengenezea milima."

"Milima? Akifungua dirisha anaona nini?"

"Anataka midogo."

Mwanamisi alipanga upya karoti zake ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. "Mwambie fundi yupo."

"Fundi gani?"

"Mume wangu. Reli anaijua, na mikono yake haijafa ganzi."

Soni nzima ilimjua Mbaraka. Hezekia alichukua kabichi, akalipa bei aliyotajiwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Mwanamisi kumwona akilipa bila kuvutana. Huruma ile ilimchoma kuliko matusi yake yote.

*

Mbaraka alikuwa mtu wa genge la reli kule Mombo, wale wanaobadilisha mataruma, magogo yanayobeba reli, na kujaza kokoto na kufyeka majani njiani. Siku moja ya mvua taruma likateleza, likauponda mguu wake wa kushoto. Hospitali iliukata chini ya goti. Akapanda kurudi kwao juu ya Soni akiwa na mkongojo, na sauti yake ileile nzito ya kuitikia nyimbo za genge, ambayo sasa haikuwa na pa kuitikia.

Angeweza kuzoea mguu. Kilichomvunja ni senti kumi. Ijumaa moja baada ya kupona alikaa ukutani nje ya msikiti, akavua kofia, akaiweka pembeni afute jasho. Mpita njia akaitia senti kumi, akasema, "Mungu akuponye," akaenda zake. Yule mtu hakuwa na ubaya wowote. Lakini tangu siku ile Mbaraka hakushuka tena Soni. Alikaa kwenye mkeka, akisokota kamba za maganda ya migomba ambazo hakuna aliyezihitaji.

Huku milimani mwanamume hufyeka, mwanamke hulima. Mume asiyemfyekea mkewe shamba mpaka mvua ikaja, ndugu wa mke wana haki ya kuja kuuliza. Vuli iliyopita Ramadhani, kaka yake mkubwa Mwanamisi, alikuja kuuliza, akaondoka kwa adabu. Mwaka huu hakuuliza. Alisema: "Mvua ya kwanza ikinyesha na kichaka bado kimesimama, nakuja na kamba ya kufungia mizigo yako."

Mwanamisi alikuwa na shauri lake. Angeitisha msaragambo, majirani waje na mapanga, na kile kichaka kingelala chini kabla ya adhuhuri. Ila watu hawaji kufyeka shamba la mtu kwa ajili ya macho yake. Huja kwa togwa, na kwa chungu cha maharage chenye chumvi ya kutosha. Ulezi wa togwa aliutunza, kibuyu kizima, umening'inia juu ya meko. Maharage na chumvi, mwaka ule wa vita, vilihitaji fedha.

"Milima ya mchezo," Mbaraka alisema alipoletewa habari. "Nimekuwa mtoto?"

"Mtoto angekubali bila kubembelezwa."

"Watasema Mbaraka anachezea matope."

"Na sasa wanasema nini?"

Mbaraka aliendelea kusokota kamba yake.

"Sasa hawasemi kitu, mume wangu," Mwanamisi alisema. "Hilo ndilo linaloniuma."

*

Bwana Firimbi alikuja mwenyewe na gari lake la wazi nyuma, Hezekia akiwa amezishika mbao tatu zilizokwisha kupigiliwa reli. Alikuwa mrefu, akaugonga mlango kwa paji la uso, akaomba radhi kwa mlango. Kiswahili chake kilikuwa cha genge, hakina ngeli wala haya.

"Mimi nataka mlima ya hapa," alisema. "Mlima ya Ulaya kama keki. Hapana taka keki."

Akafungua kitambaa, akaiweka injini kwenye kiganja cha Mbaraka.

Mwanamisi alikuwa mlangoni akijifanya anachambua mchicha. Alimwona mumewe akilizungusha gurudumu kwa kidole gumba, taratibu, kisha akaileta puani akainusa. Ilikuwa na harufu ya mafuta. Mabega yake, yaliyokuwa yamejikunja kwa mwaka mzima kama jani la mgomba lililopigwa jua, yakafunguka.

"Bwana anataka Mombo, au huku juu?" Mbaraka aliuliza.

"Yote. Treni toka Mombo, panda mpaka Soni."

"Treni halijawahi kupanda Soni, Bwana."

"Hii reli yangu," Bwana Firimbi alisema. "Mimi nasema panda, yeye napanda."

Mbaraka akacheka. Mwanamisi aliacha mchicha ukamponyoka.

Wakapatana shilingi ishirini, kazi ikikamilika. Isipokamilika, hakuna kitu. Akiwa tayari garini, Mzungu akatoa kichwa nje. "Kokoto usisahau. Reli bila kokoto ni ngazi imelala."

*

Kazi ilianza vibaya. Mlima wa kwanza ulikuwa wa udongo mtupu, na ulipokauka hata watu wawili hawakuweza kuunyanyua. Wa pili ulikuwa wa mabua ya mahindi na tope juu yake. Jogoo aliupanda, akawika, ukabomoka naye yungali akiwika. Mbaraka alitaka kuacha. Mwanamisi akaenda ndani, akatoka na kanga yake ya zamani, ile iliyobaki uzi kwa uzi.

"Hii unaifanya nini?" Mbaraka aliuliza.

"Juzi niliitupa juu ya kikapu nikaiona imekaa kama mlima wa Mazumbai. Ichovye kwenye uji wa muhogo."

Hapo ndipo siri ilipofunguka. Vijiti vya mianzi vilishikilia, kanga iliyolowa uji ikalazwa juu, ikajikunja yenyewe kwenye mabonde na migongo kama Mungu alivyoikunja Usambara. Juu ya kanga wakabandika magazeti makuukuu ambayo Hezekia aliyaleta, na juu ya magazeti wakanyunyiza udongo mwekundu uliochekechwa kwa chujio la tui.

Baada ya hapo jiko la Mwanamisi halikuwa na amani. Kila alichotaka kukitupa kilikuwa na kazi. Magunzi yaliyovunjwa yakawa majabali. Makapi ya chai yakawa mashamba yaliyolimwa juzi. Dodoki la kuogea, likichanwachanwa na kuchemshwa na majani ya kunde, likawa msitu ambao ungeogopa kuupita peke yako. Maganda ya mayai yaliyosagwa yakapaka kuta za stesheni ya Mombo chokaa, na maganda ya migomba, zile kamba ambazo hakuna aliyezihitaji, yakaezeka nyumba. Kwa maporomoko ya Soni Mbaraka alihangaika siku mbili, akijaribu majivu, akijaribu unga, mpaka alipovuta sufi kutoka kwenye mto wake wa kulalia, akaivuta nyembamba, nyembamba, ikateremka mwambani ikafanya povu chini.

Mwanamisi alisimama akayatazama maporomoko yale. Alikuwa ameyapita kila siku ya gulio tangu utotoni, na hakuwahi kuyaona mazuri mpaka yalipokaa mkekani mwake.

Majirani walikuja kucheka. Mama mmoja aliuliza kama Mbaraka anajijengea nchi ambayo hatalipa kodi ya kichwa. Kesho yake mama yuleyule alirudi na mkia wa ufagio. "Nimeona migomba yenu haina majani," alisema, akauweka chini, akaondoka haraka asije akashukuriwa.

Zikabaki kokoto. Mchanga wa mtoni ulikuwa mdogo, changarawe ilikuwa kubwa, treni lingeikanyaga likapinduka. Mbaraka alitafuta, akapepeta, akakataa. Ndipo habari ikaja kutoka Bumbuli kwamba shangazi yake Mwanamisi amefariki.

"Uji ukikauka haraka unapasuka," Mwanamisi alimwambia mumewe akijifunga kitambaa cha msiba. "Nikiondoka, funika yote kwa majani mabichi ya migomba. Nyunyiza maji asubuhi na jioni. Usifunue mpaka nirudi."

Mbaraka alimtii neno kwa neno.

*

Alirudi siku ya nne, asubuhi, miguu imejaa tope. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku, na njia nzima kutoka Bumbuli aliisikia ardhi ikinywa. Kila tone lilikuwa mguu wa Ramadhani. Leo angekuja. Na leo hiyohiyo, adhuhuri, Bwana Firimbi angekuja kuchukua mbao zake.

"Kokoto zilipatikana?" aliuliza kabla ya kutua mzigo.

"Zilipatikana," Mbaraka alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeficha zawadi. "Ndogo, za mviringo, rangi ya kutu hasa. Nilizimwaga kati ya mataruma, nikazishika kwa uji. Funua mwenyewe."

Mwanamisi aliinua jani la kwanza la mgomba.

Reli haikuwepo. Kutoka Mombo hadi Soni, ndani ya njia na kando ya njia, palikuwa na manyoya ya kijani, membamba, yamesimama wima, kila jani na tone lake la maji. Stesheni ilikuwa imezama mpaka dirishani.

Aligeuka akatazama juu ya meko. Kibuyu kilikuwa kimening'inia mdomo wazi.

"Mbaraka," alisema. "Umechukua ulezi."

"Ndio kitu pekee kilichokaa sawa. Nilisema nikilipwa nitakununulia mwingine."

"Umeuweka kwenye unyevu. Ukaufunika kwa majani ya migomba. Ukaunyunyizia maji asubuhi na jioni." Sauti yake ilikuwa inapanda ngazi moja moja. "Unajua hiyo ni kazi gani? Mama yako hakukuambia togwa inaanzaje? Umefanya kimea, Mbaraka. Umenifanyia kimea juu ya reli ya Mzungu."

Mwanamume wa Kisambaa anaijua togwa ikiwa kwenye kata. Inakotoka ni mambo ya jikoni. Mbaraka aliitazama ile reli, akatazama majani ya migomba, akaelewa. Na Mwanamisi, hata katika hasira yake, alikumbuka ni nani aliyeamuru ifunikwe.

Mbaraka alichukua mkongojo wake, akasimama. "Saidia kushika upande huo. Tunaitupa bondeni kabla hajaja mtu."

"Na Ramadhani akija?"

"Akija atamkuta dada yake hana mume. Atakuwa na haki na kamba yake."

Mwanamisi alikaa chini. Alizoea kubeba: maji, kabichi, msiba, na mume. Asubuhi ile hakuwa na bega lililobaki. "Siitupi," alisema. "Sijui nitafanya nini, lakini kanga yangu iko humo ndani. Siitupi."

Maji yakadondoka kutoka paani. Mbaraka alibaki amesimama juu ya ile reli, akiitazama kutoka juu kama mtu anayeitazama kutoka darajani.

"Kule Mombo," alisema polepole, "baada ya mvua ya kwanza ilikuwa hivihivi. Unaamka, njia imekwisha. Nyapara hakuwahi kusema tuitupe reli bondeni."

"Alisema nini?"

"Alisema, haya."

Akajiteremsha kwenye mkeka, akanyoosha mkono bila kumtazama mkewe. "Nipe mwiba wa mchungwa. Mrefu."

Alianzia Mombo. Aliuingiza mwiba chini ya shina, akabonyeza, ukatoka mmoja, kokoto yake ikabaki pale pale, imeshikwa na uji. Akatoa wa pili. Mwanamisi alimtazama, kisha akachukua mwiba wake, akaanzia Soni. Muda si muda kitu kilianza kusikika chumbani, kizito, kama injini ya mbali. Alikuwa Mbaraka. Alikuwa anaimba wimbo wa genge, na hapakuwa na wa kumwitikia, basi Mwanamisi akaitikia.

*

"Hodi."

Ramadhani alisimama mlangoni, kamba imezungushwa begani, mpya.

"Shikamoo kaka," Mwanamisi alisema, mwiba mkononi.

"Marahaba." Alitazama chumba, akamsalimia Mbaraka kwa Kisambaa. "Onga makeo, shemeji. Mnafanya nini?"

"Tunapalilia reli," Mbaraka alisema. "Karibu, mghoshi, bwana shemeji. Angalia usikanyage Mombo."

Ramadhani alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, na yalikuwa maneno mazuri, ya mtu mkubwa. Yalihitaji shemeji aliyekaa bure. Huyu hapa alikuwa amepinda mgongo juu ya kazi, jasho linamtoka, wala hakuwa na nafasi ya kuinua kichwa. Ramadhani akabaki mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba. Kisha macho yake yakapanda na reli, yakavuka daraja la mianzi, yakafika kwenye maporomoko, yakasimama.

"Hii ni Soni."

"Ndiyo."

"Huu mgongo ni wa kwetu." Aliinama. "Hii ni nyumba ya baba."

"Ndiyo, kaka."

Ramadhani aliitazama kwa muda mrefu nyumba ile ya ukubwa wa ngumi, na migomba yake ya mkia wa ufagio. Baba yao alikuwa amefariki, na nyumba ilianguka masika yaliyofuata.

"Mlango mmeukosea," alisema mwishowe. "Ulitazama bondeni. Mzee alipenda kuona nani anapanda."

"Ugeuze basi," Mbaraka alisema. "Uji uko kwenye kifuu hapo."

Ramadhani akaitua kamba yake. Akapiga magoti. Aliugeuza mlango kwa vidole vyake vya jembe, akiwa ameuma ulimi kama mwanafunzi, na alipomaliza hakusimama. "Mwiba mwingine uko wapi?" aliuliza.

Walikutana katikati ya njia, mwanamume mmoja akitoka Mombo na dada na kaka wakishuka kutoka Soni. Penye miteremko ya mlima, ambako mbegu zilidondoka ovyo, Mbaraka alisema paachwe. Wakaacha. Mlima ulikuwa na majani yake, reli ilikuwa na kokoto zake, na kati ya hivyo viwili palikuwa na mstari ulionyooka, safi, wa watu wanaojua kazi.

Gari lilipopiga honi walikuwa wanafagia kwa unyoya wa kuku.

Bwana Firimbi aligonga paji la uso mlangoni, safari hii hakuomba radhi. Alichuchumaa. Aligusa majani ya mteremkoni kwa ncha ya kidole, yakapinda, yakasimama tena.

"Hii mzima," alisema. "Inaota."

"Ndiyo Bwana. Na njiani yatarudi," Mbaraka alisema. "Ulezi una mbegu zilizolala. Kesho, keshokutwa, utayaona. Reli haikai bila mtu wa kuipalilia."

Mzungu alimtazama. Alitoa shilingi ishirini, akazihesabu kwenye kiganja cha Mbaraka, kisha akafikiri kidogo. "Basi wewe napanda gari. Kaa kwa Hezekia mpaka wageni nakwisha. Kila siku nalipa."

"Atalala jikoni kwangu," Hezekia alisema, "na kichwa chake hicho cha kabichi." Lakini alikwisha kuinama kushika ubao.

Ramadhani alishika upande wa pili. Walipokwisha kupakia, alirudi kuchukua kamba yake, akaifunga kuzunguka mbao ili zisiteleze kwenye kona za Lushoto, akaikaza kwa fundo la mzigo.

"Msaragambo ni lini?" alimwuliza dada yake bila kumtazama.

"Ulezi umekwisha, kaka. Umeuona ulikokwenda."

"Kwangu upo. Panga siku."

Gari likaondoka. Mbaraka alikaa nyuma, ameikumbatia milima kwa mikono miwili, kofia imekaa kichwani. Hatua chache tu, akapaza sauti: "Mkongojo!" Na yule Ramadhani aliyekuja kumhamisha mke wa mtu akaunyakua ukutani, akatimua mbio kwenye tope akiufuata moshi wa gari, kanzu ameipandisha mpaka magotini, watoto wa jirani wakimshangilia.

Barabara ilipita katikati ya gulio. Kutoka juu Mwanamisi aliona watu wakiacha mizani, wakisogea, wakinyoosha vidole. Akaiona kofia ya mumewe ikipita taratibu kati yao, haikuvuliwa, haikuinama.

Yule mama wa ufagio alikuwa amefika uani. "Wamempeleka wapi?" aliuliza.

Mwanamisi alichukua kibuyu kitupu, akakipangusa ndani kwa kiganja, akakitundika mahali pake juu ya meko.

"Amekwenda kazini," alisema.